Biblia ya Kiganda na Chimbuko la Abayudaya wa Uganda

Aghalabu dini ngeni huingia katika nchi pamoja na wahubiri wake. Uislamu ulifika Buganda kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, na wamisionari wa Kiprotestanti wakafika mwaka 1877. Dini ya Kiyahudi haikufuata njia hiyo. Ilizuka katika vilima vya Mbale, mashariki ya Uganda, kabla ya kuwapo Myahudi yeyote wa kuihubiri, na chimbuko lake ni kitabu kilichofasiriwa.

Biblia nzima kwa lugha ya Kiganda ilichapishwa mwaka 1896, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta. Katika Kiganda, kitenzi *okusoma* kina maana ya kusoma, na pia ya kusali. Waongofu wa kwanza waliitwa wasomaji. Mmoja wao alikuwa Semei Kakungulu, jemadari aliyewatiisha watu wa Bukedi kwa niaba ya Waingereza, akitumaini kupewa ufalme huko. Waingereza walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua. Baada ya kurudi Mbale mwaka 1913, alijiunga na madhehebu ya Bamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali kwa hoja za Maandiko.

Kakungulu hakuridhika. Kila alipoisoma Torati aliona amri ya tohara, wala hakuona mahali katika Agano la Kale ilipotanguliwa. Inasimuliwa kwamba Bamalaki walimwonya kuwa tohara ni jambo la Wayahudi. Naye akajibu kwamba, ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, ambalo ndilo neno la Kiganda la Wayahudi.

Hata hivyo, ibada zao bado zilikuwa na mambo ya Kikristo. Mwaka 1920 alifika Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akakaa nao kwa muda wa miezi sita hivi, akawafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa zipatazo 90, chenye kanuni na sala. Hivyo msomaji naye akawa mwandishi. Alifariki mwaka 1928.

Kwa kuwa mwanzilishi hakuacha mlolongo wa marabi, dini ilihifadhiwa nyumbani zaidi kuliko penginepo. Jua la Ijumaa linapokuchwa, kazi ya shamba husita hadi Jumamosi jioni. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Nyama huliwa iliyochinjwa na mmoja wao. Zaburi huimbwa kwa Kiganda, na Kiebrania kikaongezwa kidogo kidogo.

Uzito wa mazoea haya ulidhihirika baada ya Idi Amin kutwaa serikali mwaka 1971. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na jumuiya iliyohesabiwa kuwa ya watu 3,000 hivi ikabaki na mia chache. Waliobaki walisali kwa siri. Kampala ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani.

Limebaki swali la utambulisho. Abayudaya hawadai nasaba na makabila ya Israeli ya kale, wanadai agano. Mwaka 2002 baraza la marabi wa madhehebu ya Conservative liliwaongoa rasmi watu wapatao 400, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa jumuiya hiyo, alipata daraja ya urabi huko Los Angeles. Lakini marabi wa Orthodox hawaukubali uongofu wa namna hiyo. Wapo pia wazee waliouliza kwa nini waongolewe, ilhali baba zao walikuwa wameishika Sabato tangu 1919.

Swali lao si jepesi. Ikiwa Uyahudi ni ukoo, Kakungulu alikuwa mgeni mlangoni. Ikiwa ni kuisoma Torati na kuitenda, hata chini ya marufuku, basi mlango huo yeye aliufungua kwa lugha yake mwenyewe.