Vipimo vya Upepo Havisilimu

Katika rasimu ya istilahi za hali ya hewa iliyonifikia karibuni, kazi ya kuingiza vipimo vya rada ya upepo katika modeli ya utabiri imeitwa "usilimishaji wa data". Waliopitisha neno hilo siwataji, wanajijua.

Neno limeazimwa kutoka fonolojia, ambako lina kazi yake halali: nazali n ikikutana na b ya -bao husalimu amri, ikawa m, tukapata mbao. Mzizi ni s-l-m wa Kiarabu, ule ule wa salama, salamu na kusilimu, wenye dhana ya kujisalimisha. Sasa hapa nani anajisalimisha kwa nani? Pwani tumezoea habari za majini waliosilimu; za upepo kusilimu ndiyo kwanza nazisikia.

Modeli huja na makisio yake, rada huja na kasi na mwelekeo wa upepo iliopima juu yake, na kila upande una kosa lake. Hisabati hupima ukubwa wa kosa la kila mmoja, kisha humsikiliza zaidi mwenye kosa dogo. Huo ni usuluhishi. Na mzizi wake, ṣ-l-ḥ, uliotupa suluhu na maslahi, asili yake ni kufaa na kutengenea. Yaani neno moja linapatanisha na kurekebisha kwa pamoja, ndivyo hasa yanavyofanyiwa makisio. Nilipopendekeza "usuluhishi wa data", nilijibiwa kwamba hilo ni neno la kesi za ndoa. Kana kwamba usilimishaji haukupitia msikitini.

Matumizi ya usuluhishi huo, kwa ufupi: mwaka 2001 Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilianza kutumia mtandao wa rada 25 za aina hii, zinazotoa vipimo kila dakika 10, ilhali baluni za kupimia hewa hurushwa kwa kawaida mara mbili kwa siku. Mwaka 2002 modeli yake ya maeneo madogo ikaanza, katika kusuluhisha, kuzingatia pia saa ya kila kipimo. Mvua kubwa za mwanzo wa kiangazi huko hulishwa na upepo wenye unyevu kutoka kusini-magharibi, na rada huuona kabla mvua haijanyesha.

Rasimu ingali rasimu. Naiomba kamati ya istilahi iwaachie wanafonolojia usilimishaji wao, na watabiri wapewe usuluhishi.