Kwa nini mgomba huanguka na mkungu wake

Mgomba si mti, kwa kuwa hauna mbao ndani. Kile tunachokiita shina ni magamba, yaani sehemu za chini za majani, yaliyokumbatiana na kubanana. Ukichana gamba moja utaona vyumba vidogo vya hewa, nyuzi ndefu na maji mengi. Maji hulifanya gamba likaze, nyuzi hulizuia lisipasuke. Ndiyo maana kiangazi kikiwa kikali mgomba hulegea.

Shina halisi ni tunguu lililo ardhini. Mgomba unapokaribia kuzaa, shina hilo hurefuka kupitia katikati ya magamba hadi juu, na ndilo linaloning'iniza mkungu.

Mgomba ukianguka, tuangalie kwanza ulipoachia:

- Umekatika katikati: mara nyingi ni upepo au uzito wa mkungu.
- Umeng'oka na mizizi mifupi, myeusi: mara nyingi ni minyoo ya mizizi, midogo isiyoonekana kwa macho.
- Umevunjika usawa wa ardhi na tunguu lina matundu: ni funza wa fukusi wa migomba.

Nguzo mbili zilizofungwa juu kama mkasi husaidia tatizo la kwanza. Kwa hayo mengine mawili, nguzo huchelewesha tu. Kinga huanzia kwenye mche: chukua chipukizi kutoka shamba lisiloshambuliwa, kata mizizi yote, menya tunguu hadi libaki jeupe, lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, kisha panda mahali ambapo migomba haikuugua.