Tungamotaka, taka ya nani?

Kiwanda cha saruji cha Hima, wilayani Kasese, Uganda, kwa miaka mingi kimekuwa kikichoma makapi ya kahawa tanurini ili kupunguza mafuta ya kisukuku. Makapi ni mepesi. Lori hujaa pomoni kabla halijalemewa, kwa hiyo dizeli nyingi huenda kwenye kusafirisha hewa. Yakishaungua, majivu yake huchanganyika na klinka inayosagwa kuwa saruji na kuishia kwenye kuta za nyumba za watu.

Kuni, mkaa, mabua, samadi na makapi, wataalamu wa nishati, hasa Tanzania, huviita kwa pamoja tungamotaka. Tungamo ni istilahi ya fizikia, kiasi cha mata kilichomo katika kitu, taka inajulikana. Wengine husema bayomasi. Tatizo la neno tungamotaka ni kwamba linakata kesi kabla mashahidi hawajasikilizwa, maana swali zito kuliko yote ni kama malighafi hiyo kweli ilikuwa taka.

Swali hilo ndilo kiini cha tathmini ya mzunguko wa maisha, mbinu iliyowekewa kiwango cha kimataifa cha ISO 14040 mwaka 1997 na kurekebishwa 2006. Mtathmini hufuata bidhaa tangu shambani hadi jivuni, akihesabu gesi katika kila hatua. Kisha huuliza: isingechomwa, ingekuwaje?

Chukua makapi yaleyale. Kabonidioksidi inayotoka yakiungua ilinyonywa hewani na mbuni si zamani, hivyo mdomoni mwa tanuri kwa kawaida huandikwa sifuri. Kama yangerundikwa nje ya kinu cha kukobolea na kuoza bila hewa, yangetoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 27 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Hapo kuyachoma ni faida juu ya faida. Lakini kama mkulima wa miteremko ya Rwenzori angeyatandaza chini ya migomba yake, kuyaondoa ni kuupora udongo chakula, na mbolea ya dukani nayo ina moshi wake. Tena kuna jiwe la chokaa linalotengenezewa saruji: tani moja ya kabonati ya kalisi ikichomwa hutoa kilo 440 za kabonidioksidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa nini.

Bwera, karibu na Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, hesabu hubadilika, kwani huko habari ni mkaa. Tanuri la udongo hutoa kilo 100 hadi 200 tu za mkaa kwa kila tani ya kuni kavu, na moshi wake una methani. Kwa hiyo ni afadhali kulinganisha nishati kwa sufuria ya maharage yaliyoiva kuliko kwa kilo ya mkaa.

Na mti je? Mkalitusi ukikatwa huchipua kwenye kisiki na kuvunwa tena baada ya miaka michache. Msitu wa asili una deni refu zaidi. Mwaka 2008 Joseph Fargione na wenzake, katika jarida la Science, walikadiria kwamba kung'oa msitu ulio juu ya udongo wa mboji huko Indonesia au Malaysia ili kupanda michikichi ya dizeli huacha deni la kaboni linalochukua miaka 423 kulipwa.

Mwaka 2012 Kasese iliingia katika mpango na shirika la WWF wa kuifikisha wilaya nzima kwenye nishati jadidifu ifikapo 2020. Kwa mantiki hii, mkaa ungestahili kuhesabiwa humo pale tu mti unapoota tena. Kwa hiyo neno tungamotaka lingefaa kubaki kwa yale makapi yanayooza mlangoni mwa kinu, na bayomasi litumike kwa mengine yote, hadi mtathmini awe amemuuliza mkulima alikuwa akiyafanyia nini.