Cheo na Kazi Miongoni mwa Marubani

Kabla ndege haijaonekana katika anga yetu, neno rubani lilikwisha kukaa pwani kwa muda mrefu. Katika jahazi, rubani alikuwa mtu aijuaye njia: alizijua nyota, pepo za kaskazi na za kusi, na miamba iliyojificha chini ya maji. Haikulazimu awe ndiye mkubwa wa chombo. Ukubwa ulikuwa wa nahodha. Mabaharia walisimamiwa na sarahangi. Naye rubani aliheshimiwa kwa ujuzi wake. Mwaka 1498 Vasco da Gama, pamoja na mizinga yake yote, alihitaji rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi ndipo akafika Calicut kwa muda usiotimia mwezi. Aliyeamuru alikuwa mmoja, na aliyejua njia alikuwa mwingine.

Ndege ilirithi vyeo vya baharini. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Pan American ya Marekani iliwavika marubani wake sare kama za maofisa wa meli, na desturi hiyo ikaenea. Mpaka leo rubani mkuu huitwa kapteni, huvaa tepe nne na kuketi upande wa kushoto. Msaidizi wake huketi kulia, na tepe zake ni pungufu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chumba cha marubani katika safari ndefu kiliweza kuwa na watu watano: kapteni, msaidizi, mtafuta njia, mwendesha redio na mhandisi. Kadiri mitambo ilivyoendelea, viti vilipungua: kwanza cha redio, kisha cha mtafuta njia, na mwisho cha mhandisi. Boeing 767, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1982, iliendeshwa na watu wawili tu.

Lakini kupungua kwa watu hakukuondoa swali kubwa zaidi: je, mdogo akiona hatari, aseme? Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 zilikuwa katika njia moja ya kurukia, na ukungu umetanda. Kapteni wa ndege ya KLM, aliyekuwa mkufunzi mkuu wa wenziwe, alitaka kuondoka. Msaidizi wake akamkumbusha kwamba hawajapata ruhusa, akangoja. Alipoanza mara ya pili, ruhusa ikiwa bado haijatolewa, msaidizi hakumzuia tena. Mhandisi aliuliza kama ndege ile nyingine imekwisha toka njiani. Kapteni akajibu kwamba imetoka. Haikuwa imetoka. Watu 583 walikufa.

Ukungu na kugongana kwa sauti redioni vilichangia msiba huo. Hata hivyo, wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa ni mkuu ambaye hakulisikia la mdogo.

Kutokana na ajali za miaka hiyo, mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha mkutano juu ya jambo hili, na mwaka 1981 kampuni ya United ilianza kuwafundisha marubani wake namna ya kusemezana na kusikilizana. Mafunzo hayo yameenea duniani. Siku hizi kazi haifuati cheo peke yake. Rubani mmoja huendesha, mwenziwe hufuatilia vipimo na kusema na mnara; safari ya pili huweza kubadilishana. Kapteni aweza kuwa ndiye mfuatiliaji. Uamuzi wa mwisho ungali wake, kwa maana manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini msaidizi analazimika kusema aonapo kosa.

Mwaka ule ule wa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilivunjika, na Tanzania na Kenya zikaanzisha mashirika yao. Vijana wetu waliokalia viti vile walirithi tepe za wageni, na pia neno la wazee wao wa jahazi. Neno hilo lakumbusha kwamba rubani ni yule aijuaye njia. Basi, shuleni, ofisini na shambani, mwenye cheo na aulize kwanza: miongoni mwetu, ni nani aionaye miamba?