Majirani Wetu Wawili wa Kaskazini

Watu wengi huzitaja Rwanda na Burundi kwa pamoja, kama Kurwa na Doto. Hawakosei sana. Rwanda ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 26,000, na Burundi yapata 28,000. Lugha zao zinasikilizana, na Muha wa Kasulu huzifuata zote mbili bila mkalimani. Zilitawaliwa na Wajerumani, kisha na Wabelgiji, na zikapata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962. Hata hivyo, kwa sisi wakazi wa Kigoma, mfano huo wa mapacha unaficha jambo kubwa. Mmoja wa mapacha hao ana mlango ziwani, na mwingine hana. Nimefundisha jiografia na historia miaka mingi katika chuo cha ualimu, na kila nilipozidi kuyafundisha masomo hayo mawili, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mambo mengi yaliyotufika kutoka kaskazini yalipitia tofauti hiyo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Nchi zote mbili zimepitiwa na safu ndefu ya milima inayotoka kaskazini kwenda kusini, na mgongo wa safu hiyo ndio unaogawa maji. Mvua inyeshayo upande wa mashariki huingia katika mito inayolisha Kagera, ikafika Ziwa Viktoria, kisha Nile hadi Misri. Inayonyesha upande wa magharibi huteremka kwetu Tanganyika, na kutoka hapo hupita Mto Lukuga hadi Kongo na bahari ya Atlantiki. Wakulima wawili wenye mashamba yanayotazamana juu ya kilima kimoja huweza kuwa mmoja anawapelekea maji Wamisri, na mwenziwe anatupelekea sisi.

Baada ya hapo mapacha wanaanza kuachana. Rwanda karibu yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi. Kaskazini yake kuna milima ya volkano, na Karisimbi, ulio mrefu kuliko yote, una mita 4,507. Huko watu hulala na mablanketi mazito, na mashamba ni ya viazi mviringo na pareto. Burundi nayo ina nchi ya juu yenye baridi, chai na kahawa, lakini milima yake haifiki mita 2,700, wala haina volkano. Jambo ililo nalo Burundi na ambalo Rwanda haina ni uwanda wa Imbo, unaoshuka hadi ufuko wa Tanganyika, kiasi cha mita 770. Huko kuna joto, mpunga na michikichi. Mtu wa Ujiji akifika Rumonge hajioni mgeni: mawese ni yale yale, na dagaa wetu huko huitwa ndagala. Akipanda mpaka Musanze, lazima atafute koti.

Majira nayo yanafanana bila kuwa sawa. Kote kuna kiangazi kirefu kinachoanza Juni. Kule juu mvua hugawanyika katika vipindi viwili, na kati yake kuna kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Huku kwetu kipindi hicho mara nyingi huwa ni mvua kupungua tu, si kukatika.

Jiografia hiyo ya kaskazini iliwahi kugombanisha wakubwa. Februari 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha Nile. Swali lao lilikuwa moja: Mto Ruzizi, ulio mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, unatoka ziwani au unaingia? Ukitoka, basi huenda Tanganyika ndiyo mama wa Nile. Walikodi mitumbwi, wakapiga makasia mpaka Uvira, na wenyeji wakawaambia kwamba mto unaingia. Burton alivunjika moyo, na baada ya miaka michache akarudia kudai kwamba maji yanakwenda kaskazini. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mlangoni mwa Ruzizi, wakauona unaingia. Wavuvi walikuwa wamekwisha kusema hivyo miaka kumi na mitatu kabla.

Sababu yake iko Rwanda na Kongo. Maelfu ya miaka iliyopita, volkano zile za kaskazini ziliziba bonde ambalo maji yake yalikuwa yakielekea upande wa Nile. Maji yakajaa, Ziwa Kivu likapanda hadi mita 1,460, na hatimaye likapata njia ya kusini. Njia hiyo ndiyo Ruzizi, unaoporomoka karibu mita 700 kabla ya kutufikia. Kwa hiyo Rwanda, isiyo na hata shubiri moja ya ufuko wetu, hutuletea maji yake kupitia Kivu.

Na watu je? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walibaki na Ruanda-Urundi, na Kigoma waliyoiteka mwaka 1916 ikapewa Waingereza. Mwaka 1921 Wabelgiji waliondoka, lakini wakapewa haki ya kupitisha mizigo yao katika bandari ya Kigoma. Mizigo ya Burundi iliendelea kupita ziwani hadi kwenye reli yetu. Rwanda, isiyo na bandari ziwani, ilizielekea zaidi barabara za Uganda na Mombasa.

Njia hizo hizo zilifuatwa na wenye kukimbia. Mwaka 1972 Warundi waliofukuzwa na mauaji walikuja kwetu kwa miguu na kwa mitumbwi, na wengi wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwaka 1994 Wanyarwanda hawakuwa na mtumbwi wa kupanda. Mwishoni mwa Aprili walivuka daraja la Rusumo kwenda Ngara, wakikadiriwa kuwa robo milioni kwa muda wa siku moja hivi. Mei 2015 Warundi walijaa tena Kagunga, kijiji chetu kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikazuka. Barabara haikuwepo, na meli kongwe Liemba ilibeba watu kwa zamu, wasiozidi 600 kila safari, kuwaleta Kigoma.

Katika miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda. Mwaka 2024 maji yalivamia mitaa ya Bujumbura, na huku kwetu ufuko ukamegwa. Udongo unaoporomoka kutoka vilima vilivyolimwa mpaka kileleni huishia humu humu tunamovua.

Ndiyo maana siridhiki ninapomkuta kijana wa Kigoma aliyemaliza shule, anayeweza kueleza majira manne ya Ulaya, lakini hajui mvua ya Rwanda inaelekea wapi. Mpaka uliochorwa na wakubwa huzuia gari na mzigo. Hauzuii maji, wala udongo, wala mama aliyebeba mtoto mgongoni. Sisi tunaoishi chini ya milima ya watu tuna haja ya kujua hali ya hewa ya huko juu, na hali ya wenye milima pia. Mvua ikiwa njema kwao, na amani ikiwapo, habari hushuka kwetu taratibu, pamoja na wachuuzi na wageni wa harusi. Zikiwa mbaya, hushuka usiku, na atakayeipokea kwanza ni mvuvi wa Kagunga.