Munyonyo na Buziga

Munyonyo ni mtaa wa kando ya Ziwa Viktoria, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Kampala, Uganda, katika tarafa ya Makindye. Juu yake kimesimama kilima cha Buziga, ambacho miteremko yake huwapokea wageni wanaotaka kulala mbali na kelele za jiji huku ziwa likionekana chini.

Utulivu huo uliwavutia hata wafalme wa Buganda. Kabaka Mwanga wa Pili alihamia Munyonyo mwaka 1886, baada ya moto kuteketeza ikulu yake ya Mengo. Ni hapa, mwezi Mei mwaka huohuo, alipowahukumu kifo vijana wa ikulu waliokataa kuukana Ukristo. Denis Ssebuggwawo na Andrew Kaggwa waliuawa papo hapo Munyonyo. Wenzao wengi waliswagwa kwa miguu hadi Namugongo, wakachomwa moto 3 Juni. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki mwaka 1964. Anayekuja kupumzika hapa hana budi kulizuru eneo la hija la Munyonyo, alilolifikia Papa Fransisko Novemba 2015.

Jirani ya Munyonyo ni Ggaba, penye soko la samaki: sato na sangara.