Kichwa Chako Kiko Sawa, Shida ni Ratiba

Msimu wa mitihani ukikaribia, lazima utasikia mtu akiambiwa, "Wewe kichwa yako haishiki." Mimi nakataa. Kichwa kiko sawa. Shida ni vile masomo yamepangwa, na hii kitu ilijulikana kitambo.

Turudi Ujerumani. Msomi anaitwa Hermann Ebbinghaus alitaka kujua mtu husahau aje, na akajipima mwenyewe. Alitunga silabi kama 2,300 zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha baada ya orodha, kisha akapima itamgharimu kiasi gani kuzijua tena. Matokeo yalitoka 1885. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili.

Lakini cheki hii: kurudia orodha mara 68 kwa siku moja kulimsaidia karibu sawa na kuirudia mara 38 tu, akizigawa kwa siku tatu. Karibu nusu ya jasho!

Mwaka wa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani wakaongeza lingine. Wanafunzi wa chuo walisoma kifungu mara mbili, ama wakakisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kuliongoza. Baada ya wiki, waliojijaribu walikumbuka 56%, wale wengine 42%.

Sasa, 8-4-4 ilianza 1985, miaka 100 kamili baada ya Ebbinghaus. Na bado mada ya kidato cha pili ilikuwa inafundishwa mara moja, inafungwa, halafu inakungoja kwa KCSE miaka miwili baadaye. Lazima ungekesha ukikram. CBC ilianza 2017 na imebadilisha mengi, lakini mbio za kumaliza silabasi zikibaki, kusahau pia kutabaki.

Darasa si kisiagi, eti unamwaga mahindi juu, unga unatoka chini. Wanafunzi 50 wanasahau vitu 50 tofauti, kila mmoja kwa wakati wake. Mwalimu atajuaje bila kuuliza?

Ningepanga mimi, kila somo lingeanza na dakika tano za maswali ya mwezi uliopita, bila alama, bila kuaibishwa. Haihitaji tableti wala stima.

Kabla hiyo ifike shuleni kwenu, anza leo: funga kitabu, chukua karatasi, andika unachokumbuka. Halafu rudia wiki ijayo.